Masikio Yalilia, Nikamlaumu Ndugu Yangu

Kama leo umechomwa sindano yako ya kwanza ya kifua kikuu sugu, kaa chini usome haya kabla hujalala. Mimi si munganga wa hospitali. Shule niliiacha mapema nikaenda kushika nyundo, na kuandika kunanichosha kuliko kubeba chuma. Kazi yangu ni kuchomelea. Karakana yangu iko Kamalondo, na milango mingi ya chuma unayoiona mitaa ile imetoka mikononi mwangu. Ile inayolia ikifunguliwa si yangu. Ugonjwa huu sikuusoma popote. Niliujua kwa matako, kwa sababu hapo ndipo sindano zilipoingia kila asubuhi, tangu baridi ya Juni mpaka mvua kubwa zilipokaribia kwisha.

Kikohozi kilianza kabla ya hapo. Nilisema ni moshi wa kazi, kila fundi wa chuma anakohoa. Hospitalini walinipa vidonge vya kawaida, nikavimeza vyote bila kuruka, na kikohozi kikabaki palepale kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mkanda wangu niliutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, halafu jingine, mpaka ncha yake ikawa inazunguka karibu na mgongo. Siku moja nilikohoa juu ya mlango niliokuwa nimetoka kuupaka rangi nyeupe. Mteja aliyekuja kuuchukua akaona alama nyekundu, akaniambia atarudi kesho. Hakurudi.

Walipopima tena makohozi wakasema ni kile kifua kikuu sugu, kisichosikia vidonge vya kawaida.

Ninaishi mtaa wa Hewa Bora na binti yangu Clarisse, anayeshika nyumba tangu mama yake atutoke, pamoja na watoto wake. Siku ile ile mdogo wangu Tharcisse alikuja kutoka Annexe, pembezoni mwa mji, anakolima mahindi, akasimama mlangoni mwa lupangu, ua wetu, na kitambaa mdomoni.

“Yaya,” akasema, kama anavyoniita mimi kaka yake, “bana bataikala kwangu kidogo, mpaka utapona.”

“Nani alikuomba?”

“Munganga njo alisema. Kifua ya bana iko nyepesi.”

“Munganga njo alibazala?”

“Hapana, Yaya. Lakini yeye iko na akili. Weye na miye hatuna.”

Aliwapakia juu ya baiskeli na mkokoteni wa jirani, pamoja na godoro lao. Mdogo kabisa aligeuka kunipungia mkono, na mimi nilikuwa nimeshageuza kichwa. Moyoni nilisema: huyu anafurahi. Maisha yote ni mimi niliyemlisha, ni mimi niliyemnunulia baiskeli hiyo, leo amepata nafasi ya kunipita. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyoanza kufikiri badala yako.

Sahani yangu ikahamia dirishani. Kikombe changu kikawa na kamba nyekundu kwenye mshikio. Clarisse aliniletea bukari, ugali wetu, kwenye barza ya mbele ya nyumba, akaweka chini, akarudi nyuma hatua kadhaa na kukaa hapo akinitazama nikila, ili nisile peke yangu. Sikumshukuru. Harufu ya bukari ilikuwa imegeuka kuwa harufu ya sabuni, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa na ladha ya chuma. Mimi nimeishi na chuma tangu utoto, lakini sikuwahi kutaka kukila.

Tulipochomwa palikuwa nyuma ya hospitali, nje, upande wa upepo, ili pumzi zetu ziende mbali. Tulikaa juu ya mabenchi ya chuma. Nitasema ukweli: yule aliyechomelea mabenchi yale hakuwa fundi. Viungo vilikuwa na mabonge kama kinyesi cha mbuzi, na mtu aliyechomwa sindano pande zote mbili anayahisi yote. Juni hapa si mchezo. Chuma kilikuwa baridi kiasi kwamba wazee walikalia makartoni. Tulingoja jina. Mtu hasomi, haongei sana, anatazama tu mlango na kuhesabu nani yuko mbele yake.

Muuguzi alikuwa Maman Véro, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu anayeuza sokoni. Kabla ya kuchoma aliuliza haraka haraka, kwa kila mtu: “Macho? Masikio? Miguu? Kuko shida?” Nasi tulijibu kama watu kanisani: “Hakuna.”

Karibu nami alizoea kukaa dereva wa malori aliyeitwa Kabwe. Yeye sindano aliiita mama-mkwe.

“Papa Anaclet, leo mama-mukwe alikusalimia muzuri?”

“Alinisalimia. Hata kiti hakunipa.”

“Yangu alinikamata mpaka ku mufupa. Nilimuambia, mama, binti yako nilishamurudisha, unataka nini tena?”

Tulicheka na kicheko kikageuka kikohozi, na Maman Véro akapiga kelele kutoka ndani tufunge midomo. Mbele yetu alikaa mama mmoja mwenye kitenge cha bluu. Kila asubuhi nilimwambia “Jambo, mama,” naye hakujibu. Hakugeuza hata shingo. Nilikasirika. Mimi ni mzee, na salamu ni salamu.

“Huyu anajiona bibi ya guverneri,” nikamwambia Kabwe kwa sauti, ili mama mwenyewe asikie.

“Acha, Papa. Labda alichoka na sura yako.”

Ngozi yangu ilianza kubadilika. Mimi ni mweusi, lakini weusi ule mwingine ulikuwa wa dawa, una wekundu ndani yake kama chuma kilichopoa vibaya. Matako yakawa magumu, yenye vinundu. Usiku nilitokwa na jasho, mchana nikatetemeka. Nilipojitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mtu nilimwona baba yangu siku zake za mwisho katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, naye alikufa kwa kifua.

Septemba, joto lilipoanza, makohozi yalitoka safi. Maman Véro alinionyesha dole gumba kutoka mlangoni, nami nikajifanya kutazama mawingu. Sikuwa tena wa kuogopwa. Lakini sindano zingeendelea miezi mingine, na daktari alinikataza karakana: hakuna moshi, hakuna vumbi la chuma. Basi nikabaki nyumbani. Mwanangu wa kiume alishika kazi Kamalondo, na mimi nilimpigia simu kila saa kumwambia anaharibu, mpaka akaacha kuipokea.

Clarisse alichoka nami. Ukutani chumbani kwake kulikuwa na gitaa la wakati alipokuwa kwenye kwaya, limevunjika msumari mmoja wa kukazia nyuzi. Alinitupia mapajani.

“Papa, unagombana na bantu bote. Gombana na hii.”

Msumari niliutengeneza kwa kipande cha shaba. Jumamosi iliyofuata, siku ambayo sisi tunaiita posho tangu baba zetu walipopokea unga wao kambini, alikuja mwanamke mwenye miwani, aliyekuwa akifundisha gitaa vijana wa parokia. Mwalimu Odile. Umri wake ni wa binti yangu. Tulikaa kwenye barza, upepo ukipita kati yetu, yeye na barakoa yake, mimi na yangu.

“Papa, unajua kupika kidogo?” Kwetu, kupiga gitaa tunasema kupika.

“Bazee ya kambi walipika na vidole mbili, shiye bana tunacheza. Niliangaliaka tu. Nataka ile.”

“Ile nitakupa nyuma. Kwanza mukono ijue kukaa. Ikala ku mwisho ya kiti.”

“Ku mwisho nitaanguka.”

“Hautaanguka. Mugongo wima. Muguu ya kushoto juu ya kitu.”

“Mwalimu, upande ya kushoto njo sindano ya leo.”

“Basi egemea ya kuume.”

“Ile njo sindano ya jana.”

Alicheka mpaka barakoa ikashuka. Akanipa mto. Hiyo ilikuwa rehema ya kwanza katika miezi ile, mtu kucheka juu ya matako yangu bila kunionea huruma.

Wiki ile nilijichomelea kigoda cha mguu, kwa siri, nje, nikisimama upande wa upepo. Chuma cha pembe, miguu minne, kiungo laini huwezi kukihisi kwa kidole. Mwalimu Odile alijaribu kukisogeza akashindwa. “Papa, hii inaweza kushika daraja.” Ndiyo, nilimwambia, na hakitayumba.

Usidhani ni kitu cha kujipumzisha. Vidole vyangu vimeungua mara nyingi, ncha zake hazihisi. Nilibonyeza uzi na kufikiri nimebonyeza, kumbe nimegusa mbao. Gumba linashuka, vidole vitatu vinapanda, na kila kimoja kinataka kufuata mwenzake kama mbuzi. Halafu noti: vidoa vyeusi juu ya mistari, wakati mimi herufi zenyewe nazisoma nikisogeza midomo. Lakini mimi ni mtu wa mazoezi. Asubuhi nilitoka sindano, nikarudi, nikakaa kwenye barza mpaka jua linapofika miguuni. Hapo nikaacha. Kesho tena. Kwa wiki nzima nilirudia mstari mmoja tu wa kipande kidogo cha huzuni, katika sauti ambayo Mwalimu anaiita la ndogo, na posho Mwalimu alipofika nilimpigia, naye akasema neno moja: “Tena.” Nikapiga tena. Akageuza ukurasa. Hata siku nilipoinua mlango wa kwanza wa karakana yangu mwenyewe sikujisikia mkubwa hivyo.

Watoto walikuwa bado kwa Tharcisse. Makohozi yalishakuwa safi, na bado hawakurudi. Tharcisse alimwambia Clarisse asubiri matibabu yaishe kabisa. Ukiwa mgonjwa, neno kama hilo unalitafuna mchana kutwa.

Matunda ya masuku yalipoanza kuonekana sokoni, sikio langu la kushoto lilianza kulia.

Kwetu, sikio likilia kuna mtu anakutaja. La kulia, anakusema vizuri. La kushoto, anakuchafua. Marehemu mama yangu alikuwa na njia ya kumjua: unakaa kimya, unataja watu mmoja mmoja, jina ambalo mlio utakatikia, ndiye. Nilikaa kwenye barza jua likizama nikataja. Nikataja wateja wangu. Nikataja mwanangu wa karakana. Nikataja yule mama wa kitenge cha bluu bila kujua jina lake. Mlio uliendelea, mwembamba, kama jiwe la kunolea linapogusa kisu. Nilipotaja Tharcisse ukakatika.

Jioni ya pili, vilevile. Ya tatu nilianza na jina lake.

Asubuhi Maman Véro aliuliza: “Macho? Masikio? Miguu?” Nikajibu: “Hakuna.” Mambo ya jamaa hayapelekwi hospitali.

Wakati huohuo Kabwe hakuonekana tena kwenye benchi. Alikuwa amesema mama-mkwe amemchosha, anarudi barabarani. Baada ya wiki chache mke wake alikuja kurudisha dawa zilizobaki. Alivaa nyeusi. Mahali pa Kabwe hatukupakalia siku ile.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Annexe kwa pikipiki. Nilikuta wako mezani nje, Tharcisse, mkewe, wajukuu wangu. Watoto waliinuka kunikimbilia. Niliwaonyesha mkono wabaki.

“Tharcisse, sema mbele ya bibi yako. Unanisemaka nini?”

“Nakusema wapi, Yaya?”

“Kila magaribi sikio ya kushoto inalia. Nilitaja bantu bote. Ikifika ku jina yako inanyamaza.”

Mkewe alisimama. “Yaya, ingia mu nyumba, bajirani banasikia.”

“Basikie!”

Tharcisse alinawa mikono polepole. “Kila magaribi tunasali rozari na bana,” akasema. “Nakutaja, ndiyo. Naomba upone.”

“Ah! Amekubali! Mumesikia bote? Amekubali ananitajaka!”

Leo naona uso wake. Siku ile sikuuona. Nilimwita mwizi wa watoto. Nilisema baiskeli ile pale ni jasho langu. Nilisema mengi mengine, na mjukuu wangu mkubwa, msichana, aliziba masikio ya mdogo wake.

Tharcisse alingoja nimalize, na kikohozi kiishe. Halafu akasema, bila kupandisha sauti:

“Yaya, umekuya kunichafulia nyumba mbele ya bana. Muzuri. Jina yako haitatoka tena mu kinywa yangu. Hata mbele ya Mungu. Enda.”

Nilirudi nikijiona nimeshinda. Na mlio ukawa wa masikio yote mawili, mchana na usiku.

Kwenye gitaa, nyuzi zilianza kufa. Hivyo ndivyo nilivyosema. Ule uzi mwembamba kabisa, wanaouita mi, ulikuwa ukilia kama umefunikwa blanketi. Nilimlaumu aliyeziuza, nikalaumu mvua zilizokuwa zimeanza, unyevu unaharibu mbao. Mwalimu Odile alileta nyuzi nyingine, akazifunga mwenyewe mbele yangu.

“Hizi nazo zimekufa,” nikamwambia.

“Papa, nilizifungua leo asubui.”

“Zimekufa.”

Alichukua gitaa. Kuna namna ya kugusa uzi kidogo tu, bila kuubonyeza, unatoa sauti ya juu safi kama glasi. Alikuwa amenionyesha wakati wa joto nikapenda. Akaweka kidole.

“Sikiliza.”

Nilimtazama. Nikangoja.

“Unasikia?”

“Nitasikia nini? Bado haujapika.”

“Nilishapika, Papa.”

“Pika tena.”

“Nimepika tena.”

Mvua ilikuwa juu ya bati, na hata mvua, hapo ndipo niligundua, ilikuwa mbali, kama inanyesha Annexe. Mwalimu aliliweka gitaa chini.

“Masikio inalia?”

“Inalia. Lakini najua ni nani.”

“Ni nani?”

“Mudogo yangu, Tharcisse.”

Hakucheka. “Papa, muntu hawezi kukusema bushiku na muchana. Hata yeye anachokaka, analala. Kesho kutwa uambie Maman Véro. Kama haumuambii, nitaenda miye.”

“Weye ni mwalimu wa gitare.”

“Ndiyo. Na mwanafunzi yangu hasikii.”

Jumatatu nilimwambia Maman Véro. Nilimwambia taratibu, kama jambo dogo. Alikuwa ameshika sindano, akairudisha kwenye sahani.

“Kila asubui minakuuliza: masikio? Kila asubui unajibu: hakuna!”

“Uliniuliza kama iko mugonjwa. Haikuwa mugonjwa. Ilikuwa mambo ya jamaa.”

Alikaa juu ya sanduku la dawa. Halafu alinishika mkono akanipeleka mlangoni, akanionyesha yule mama wa kitenge cha bluu. Akamwita kwa sauti ile ya sokoni. Mama hakugeuka. Akapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakugeuka. Alipomgusa bega ndipo mama akaruka, akatuona, akatabasamu, na kunisalimia, mimi, kwa sauti kubwa mno ya mtu asiyejisikia: “Jambo, papa!”

“Huyu naye hakusema,” Maman Véro akaniambia, mdomo karibu na sikio langu. “Alifikiri ni bulozi, buchawi ya mukazi-mwenzake. Ni sindano, Papa. Ni sindano njo inakula masikio.”

Walinipeleka chumba kingine, wakanivisha vifuniko vya masikio, wakanipa kitufe: ukisikia, bonyeza. Nilikaa na kitufe. Kijana wa mashine alinitazama kupitia kioo, nami nikamtazama. Nilijua anapiga kitu kwa sababu mkono wake ulikuwa ukisogea. Nilianza kubonyeza kila mkono wake uliposogea. Aligundua, akageuza kiti chake.

Daktari alisema kipo kidonge cha kushika nafasi ya sindano, lakini hakipo hapa. Kitatoka mbali, hajui lini. Tunaweza kusimamisha sindano tukingoja, na ugonjwa unaweza kuamka, na ukiamka safari hii hatakuwa na kitu cha kuupiga. Au tuendelee, na masikio yataendelea kwenda. Alisema kwa sauti kubwa akinitazama usoni, nami nilishukuru kwa hilo tu.

Clarisse alinishika magoti. “Papa. Masikio ao pumzi?”

Nilifikiria kipande changu katika la ndogo. Ndiyo, mzee kama mimi nilikifikiria. Nilikuwa nimebakiza mistari miwili. Nilifikiria pia mke wa Kabwe na mfuko wake wa dawa, alivyoushika kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani aliyoazima.

“Pika sindano,” nikamwambia Maman Véro, na nikageuka ukutani.

Nikaendelea kuchomwa Noeli ikipita, uyoga ukijaa kwa wauzaji barabarani, maji yakiingia lupanguni. Kila posho kitu kilikuwa kimetoweka. Kwanza kengele ya parokia. Halafu jogoo wa jirani, na huyo sikumlilia. Halafu sauti za wanawake, Clarisse nikabaki kumsoma midomo. Mwalimu Odile hakuacha kuja. Alihamisha kipande changu kutoka nyuzi nyembamba kwenda nyuzi nene, noti kwa noti, akakiandika upya kwa mkono wake, kwa sababu zile nene bado nilizisikia kidogo, na nisipozisikia nilizihisi mbavuni, mgongo wa gitaa ukitetemeka juu ya mifupa iliyokuwa imebaki. Hakunisifu. Nilipokosea alinigusa goti. Nilimtengenezea mlango wa lupangu lake, na huo haulii.

Kidonge kilifika mvua zikikaribia kwisha. Sindano ikasimama siku hiyohiyo. Kilichokwenda hakikurudi. Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia linapata sauti nene, mlango ukibamizwa, lori, mwanaume akipiga kelele karibu. Mlio umebaki. Huo nausikia vizuri kuliko vyote.

Nilimtuma Clarisse Annexe amwambie Tharcisse kwamba haikuwa yeye, ilikuwa dawa. Alirudi akaniandikia kwenye simu: amesikia. Nikamuuliza amejibu nini. Akaandika: hakujibu.

Kwa hiyo wewe uliyeanza leo, nakuambia bila kuzunguka. Sikio likilia, hata kidogo, hata jioni tu, sema siku ileile. Usitaje majina. Usimtafute mke mwenzako, wala jirani, wala ndugu. Ukiulizwa “Masikio?” usijibu kama mtu kanisani. Mwambie aliye nyumbani akuite nyuma ya mgongo kila wiki aone kama unageuka. Dai upimwe kwa mashine kabla na katikati. Siku hizi wanasema wengi wanatibiwa kwa vidonge bila sindano. Kama wewe ni mmoja wao, mshukuru Mungu, na bado waambie kila kinachobadilika mwilini, hata kile unachodhani unajua maana yake. Na usiache dawa kama Kabwe. Nimepoteza masikio na ningechagua vilevile. Lakini ningechagua mapema zaidi, nikiwa bado na kitu cha kuokoa.

Nilimeza kidonge cha mwisho baridi ya tatu ilipokuwa imefika. Daktari alisema nimepona. Ngozi imeanza kurudia rangi yake. Posho iliyofuata nilikuwa kwenye barza na Mwalimu Odile, nikipiga kipande chote tangu mwanzo, macho yangu kwenye vidole, nilipohisi sakafu ikitikisika. Watoto walikuwa wanaingia wakikimbia, na nyuma yao Tharcisse akisukuma baiskeli yenye godoro. Wamekua. Mdogo hakunikumbuka vizuri, alishika suruali ya ndugu yangu.

Tharcisse alinionyesha kwa mkono: endelea. Akakaa juu ya ngazi. Basi nikaendelea. Sijui nilipiga vipi. Mwalimu hakunigusa goti, kwa hiyo labda sikukosea.

Nilipomaliza, Tharcisse alianza kusema. Ulikuwa mwaka na zaidi bila neno moja kati yetu. Alisema akiwa ameinama, viganja vimefunika uso, nami sikuona midomo. Niliona tu mabega yakipanda na kushuka. Yalikuwa maneno marefu. Mwalimu Odile aliondoa miwani akatazama upande wa barabara. Clarisse, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria, hakusogea.

Ningeweza kumwambia: inua kichwa, sema tena, kwa nguvu. Mtu haombwi kurudia maneno aliyoyatoa namna ile. Niliona amenyamaza, anangoja.

“Ndiyo, mudogo yangu,” nikamwambia. “Ndiyo.”

Aliinuka, akanishika shingo kwa mikono miwili, akaweka paji lake juu ya langu, kisha akaenda kushusha godoro. Baadaye Clarisse alitaka kuniandikia kwenye simu yote aliyoyasema. Niliusukuma mkono wake. Mpaka leo sijui nilikubali nini, na nimekubali.